Mgongo kwenye Televisheni ya Mzee Kanji

Jumapili, alasiri. Chanika, Handeni, nyumbani kwa mama.

Manyunyu tangu asubuhi. Si mvua ya kumfaa mkulima, ni ya kulowesha nguo kwenye kamba tu. Nimekaa barazani na simu mkononi. Mama kajilaza ndani. Nina jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa kwenye ukurasa wangu, ingawa nimeshaandika mengi humu, hadi habari za meno yangu na za koromo la mume wangu.

Sijui leo namwandikia nani. Wanaonisoma ni walimu wenzangu wa Korogwe na vijana wachache niliowafundisha. Mkinikuta njiani, tafadhali msiniulize. Nisomeni tu mnyamaze.

Ijumaa baada ya vipindi niliingia mgahawa mmoja karibu na stendi ya Korogwe, nikaagiza chai na chapati. Ukutani kuna televisheni, kwaya inaimba, hakuna anayeitazama. Meza ya pili alikaa mzee wa Kimasai, fimbo kaiegemeza kwenye kiti, anapuliza chai yake. Mara picha ikakatika. Kioo kikawa cheusi, sauti ikapotea. Ni jambo la kawaida, king'amuzi kikikosa mawimbi hufanya hivyo.

Lakini yule mzee alisimama. Chai ikamwagika mezani, hata hakuiangalia. Alikikodolea macho kile kioo cheusi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Picha ikarudi. Kwaya ikaendelea. Akakaa taratibu.

 Duniani namjua mtu mmoja tu anayesimama hivyo picha ikikatika, na mtu huyo ni mama yangu.

Nilihamia meza yake na kikombe changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Samahani. Nimeona umeshtuka. Kuna nini?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye haya. "Nilidhani anarudi."

"Nani?"

"Mdogo wangu."

Niache kwanza hapo. Bila kuanza na yetu, ya mzee huyu hayataeleweka.

Nilikuwa na kaka, Selemani. Alikuwa mpakiaji kwenye lori la mkonge, na siku moja alianguka kutoka juu ya mzigo, akaumia bega la kushoto. Lilipona vibaya. Tangu hapo bega lile lilikuwa chini kuliko la pili, na akitembea ungedhani amebeba ndoo isiyoonekana. Alimuoa Zaina, wakapata mtoto wa kike. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Handeni yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa redio, baiskeli na mitumba, na vijana wetu wakaanza kufuata mawe. Zamani ukikutwa na jiwe la thamani mfukoni ulikuwa mashakani. Sasa kila mtu alikuwa na habari ya fulani aliyelala maskini akaamka tajiri. Selemani akaacha mkonge, akaenda machimboni.

Mwaka wa kwanza alituma salamu na vitenge kupitia watu waliokuwa wakirudi. Kisha masika yakaja, tukasikia shimo limeporomoka na watu wamo ndani. Nani na nani, hakuna aliyejua. Waliochimba pale walitoka kila kona, wengine hata majina waliyotumia hayakuwa yao. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama alimtuma mjomba kwenda kuuliza. Alirudi na udongo kwenye viatu, na hakuwa na jibu.

Tulingoja. Mwaka ukapita, na wa pili. Mwishowe wazee wakakaa na sheikh, wakakubaliana: Ijumaa inayofuata isomwe hitima ya Selemani, na Zaina aanze eda. Mama alikubali. Nasisitiza hilo. Alikuwa amekubali. Siku ile nilimwona akifungasha mashati ya Selemani ili yatolewe sadaka.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo tulikwenda watatu, mama, Zaina na mimi, kununua kitambaa cha nguo za eda. Zaina alikuwa na mtoto mgongoni. Tulikwenda kwa Mzee Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa pale mjini. Mzee Kanji ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaa ule kuleta televisheni. Antena aliifunga kwenye mwanzi mrefu juu ya paa, na bado tulichokuwa tukikipata zaidi kilikuwa chenga, vile vinukta vyeupe vinavyorukaruka kiooni. Jumapili aliigeuza itazame barazani, watu wakakaa kwenye ngazi na kwenye magunia kusikiliza kwaya.

Kwaya ilikuwa ikiimba siku hiyo. Mzee Kanji alikuwa akipima kitambaa, mkono mmoja kwenye kipimo cha mbao, mwingine umeshika mkasi.

Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Zikaja chenga, kama kawaida. Kisha chenga zikaondoka na picha ikatakata kuliko tulivyowahi kuiona kwenye kioo kile. Mtu mmoja amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Kifua wazi. Mbele yake ukuta wa udongo, chini karai la maji. Ananawa mikono, kuanzia kwenye viwiko kushuka, polepole, kama mtu aliyetoka kwenye kazi chafu. Hapakuwa na sauti isipokuwa mvumo. Hapakuwa na maandishi wala mtangazaji. Bega lake la kushoto lilikuwa chini.

"Selemani," mama akasema. Alilisema kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

 Kisha akapiga kelele, akisogea kwenye kioo, watu wakimpisha: "Mwambieni ageuke! Jamani, mwambieni ageuke!"

Yule mtu akasimamisha mikono.

Naandika hili kama nilivyoliona. Alisimamisha mikono kwenye maji, kama mtu aliyesikia kitu nyuma yake. Akaanza kugeuza kichwa.

Chenga. Kisha kwaya, wamefika ubeti mwingine.

Kijana mmoja akasema ni tangazo la sabuni, wenzake wakacheka. Zaina alikuwa mlangoni, mkono kinywani. Mama alirudi kaunta, akamtazama Mzee Kanji aliyekuwa bado kashika mkasi.

"Kunja kitambaa chako," akamwambia. "Mwanangu yu hai."

Hitima haikusomwa. Sheikh alikuja akasema kwa upole kwamba picha si ushahidi. Mama akamjibu, "Sheikh, wewe hukumzaa." Baba yake Zaina alikuja naye, kwa hasira, akauliza binti yake atakaa hivyo mpaka lini, si mke wala si mjane. Mama alimkaribisha chakula.  Zaina mwenyewe alikaa. Alipika, alichota maji, aliendelea kumwita mama "mama", miaka miwili mingine, mpaka baba yake alipompeleka mwenyewe kwa wazee wa dini akafunguliwa ndoa. Akaolewa na mkulima wa Mazingara. Siku anaondoka alimbusu mama mkono, na mama akamwambia, "Akirudi nitamwambia hukukosea."

Mnaweza kuuliza: ilikuwa nini? Tuliuliza sana. Mzee Kanji alimtuma mpwa wake hadi jijini kwa watu wa kituo cha televisheni. Alijibiwa kwamba siku ile kwaya ilirushwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna kilichokatika. Wengine walisema ni mawimbi yaliyopotea kutoka nchi jirani. Wengine, kuna fundi redio mahali fulani amejitengenezea mtambo anawachezea watu. Lakini mtambo wa kujitengenezea ufike Handeni, utoke wapi? Na mtu mwenye uwezo wa kuiteka televisheni, kwa nini atuonyeshe mtu ananawa? Si angetukana, si angedai kitu, si angejitaja? Bibi yangu alisema ni majini, na kwa muda mrefu hilo ndilo lililokuwa jibu lenye mantiki kuliko yote. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

Mama alikwenda kwa Mzee Kanji kila Jumapili. Mwanzoni watu walimtania, baadaye wakazoea. Mzee Kanji alimwekea stuli yake, na mtu akiikalia alimwinua: "Hapo pa mama Selemani, bhai, toka." Alipofunga duka na kuhamia kwa watoto wake, alimletea mama ile stuli nyumbani. Mshahara wangu uliponiruhusu nilimnunulia mama televisheni. Nilidhani namfariji. Nilichofanya ni kumleta yule mtu sebuleni. Kila umeme ukiyumba, kila picha ikikatika, mama husimama. Miaka yote hii. Hata sasa magoti yakiwa mabovu, husimama.

Sasa turudi kwa yule mzee wa mgahawani.

Anaitwa Lembris, anakaa upande wa Makuyuni. Aliniambia kwamba miaka hiyo alileta ng'ombe mnadani Korogwe, na Jumapili moja alikaa kwenye baa moja karibu na reli, kwa kuwa kulikuwa na televisheni na yeye hakuwahi kuiona. Kwaya ilikuwa ikiimba. Ikakatika. Akamwona mtu kwenye kigoda, kampa mgongo, ananawa.

Sikuwa nimemwambia chochote. Chochote. Nilikuwa nimeshika kikombe tu.

"Mdogo wangu alikwenda kwenye mawe," akasema. "Shimo lilianguka. Sisi tukasema basi. Halafu nikamwona pale."

"Ulimjuaje, mzee? Alikupa mgongo."

"Kwa sikio."

Akashika sikio lake mwenyewe, lile tundu refu la ndewe, akalivuta kidogo. "Lake la kulia lilikatika, fisi... hapana, si fisi, mimi ndiye niliyelikata tulipokuwa wadogo, tunacheza na kisu. Likabaki vipande viwili, vinaning'inia. Nililiona. Alipotaka kugeuka, nililiona."

"Na bega je? Bega la kushoto?"

"Bega sikuangalia."

Nikamuuliza mama yake alisemaje. Akasema kwao aliyekufa jina lake halitajwi. Aliporudi na habari ile, mama yake alianza kulitaja jina la mwanawe kila siku, asubuhi akikamua na jioni akikamua, mbele ya watu, makusudi. Sironka, Sironka. Alilitaja hivyo mpaka naye akafa. Sasa Lembris amebaki peke yake na hajui afanye nini na jina hilo.

"Nilitaje, au nisilitaje?" aliniuliza. Aliniuliza mimi, mwalimu wa hesabu.

Nikamwambia yetu. Nilimwambia yote, na bega. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi mmoja wetu ameona vibaya." Akafikiri. "Au wote." Akalipia chai ya wote wawili, akaniaga vizuri, akaondoka.

Sasa nifanye ungamo. Tangu Ijumaa ile yule mtu ana sikio.

Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa naye kichwani, mgongo, karai, ukuta, bega. Sikio halikuwepo. Au lilikuwepo na sikulitazama. Sasa kila nikifumba macho anasimamisha mikono, anaanza kugeuka, na lile sikio lipo, vipande viwili, vinaning'inia. Siwezi kulitoa. Nimejaribu kumkumbuka kama nilivyokuwa nikimkumbuka Alhamisi, na sijui tena Alhamisi nilikuwa nikikumbuka nini.

Jana nikapanda basi kuja Handeni. Njia nzima nilijiambia sitamwambia mama. Mtu wa umri ule, kitu pekee alichobaki nacho ni mgongo, na mimi nije kumwambia una mwenyewe mwingine?

Leo baada ya adhuhuri nilimkuta amekaa mkekani anachambua maharage. Nikakaa nichambue naye. Na nikamwambia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sijawahi kumficha mama jambo nikiwa nimekaa mkekani.

Hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye sikio, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Kwao wako wangapi?" akauliza.

"Amebaki yeye tu."

"Na mama yao?"

"Alikufa, mama. Alikufa anamngoja."

 Manyunyu yalikuwa yakisikika kwenye bati. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Alichukua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Mwambie huyo mzee alikuwa wa kwao."

"Mama?"

"Mwambie ni mdogo wake. Mama Selemani amesema. Amwachie mama yake apumzike huko aliko."

"Na wewe je?"

"Mimi nimechoka kusimama, Mwanaidi."

Kisha akaniagiza, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi dukani, nimwambie sheikh aje Ijumaa, isomwe hitima ya Selemani. Na nimpigie Zaina simu. "Yeye ndiye anayestahili kujua kwanza. Nilimkalisha bure."

Akaenda kulala. Nikaja hapa barazani, nikampigia Zaina.

Nilimkuta shambani, nilisikia kuku na watoto. Wajukuu wake hao. Nikamwamkia, tukaulizana hali, nikamweleza pole pole. Mzee Lembris. Sikio. Maneno ya mama. Ijumaa. Kisha nikasikia kuku peke yao.

"Wifi?"

"Nipo." Akashusha pumzi. "Wifi, mimi nilishamsomea."

"Lini?"

"Ijumaa ileile. Mlipoahirisha. Nilijifungia chumbani na mtoto, nikamsomea Yasini peke yangu."

Sikuelewa. Nikamuuliza, kwani na yeye si alikuwa dukani, si aliona?

"Niliona," akasema. "Hakuwa yeye. Bega lilifanana, ndiyo. Lakini mgongo wa mume wangu naujua, wifi. Niliukanda kwa mafuta kila jioni tangu alipoanguka. Ule haukuwa wake."

"Na ukakaa miaka miwili?"

"Ningesema nini? Ulimwona mama alivyofurahi?"

Kuku waliendelea kulia upande wake.  Nilikuwa nikimfikiria yule msichana mlangoni kwa Mzee Kanji, mkono kinywani, na jinsi sote tulivyodhani ni mshtuko wa furaha. Alikuwa mjane tangu pale, na hakuna aliyempa pole.

Nikampa leo. Nilimwambia, "Pole, wifi." Imechelewa, najua. Alisema, "Nimepoa," kisha akasema anamwita mjukuu atoe mbuzi kwenye mahindi, atanipigia baadaye.

Kwa hiyo hakuwa wetu. Mama amempa Mzee Lembris mtu ambaye hakuwa wake kumpa, na bado nitamfikishia. Nitamtafuta huko Makuyuni nimwambie kwamba mama Selemani amekubali, ni mdogo wake. Labda kweli ni yeye. Sikio ni ushahidi zaidi ya bega. Au labda alikuwa mtu asiye wa yeyote, amekaa kwenye kigoda mahali tusipopajua, ananawa, na mtu asiyejulikana ameamua tumwone. Hilo ndilo linalonitisha. Si kwamba alikuwa marehemu wetu. Ni kwamba huenda alikuwa mzima, mahali fulani, na hakujua kabisa kuwa tunamtazama na kumlilia.

Hili silijui. Nina umri huu na silijui, na sidhani kama kuna atakayekuja kunieleza.

Mama ameamka. Namsikia akikohoa, akitafuta kandambili.

"Zaina kasemaje?" anauliza kutoka ndani.

"Anakuja Alhamisi, mama. Asaidie kupika."

Zaina hakusema hivyo. Lakini namjua, atakuja.

"Peke yake?"

"Na watoto, nadhani. Na wajukuu."

"Basi mchele hautoshi," mama anasema, na namsikia akiburuta ndoo ya mchele aione imebaki kiasi gani.

Mengine ya Zaina sijamwambia. Sitamwambia. Nimeyaweka hapa kwa kuwa mama hasomi simu. Acha niende nikamsaidie kuinua ile ndoo.